Msimu Ukiisha

Nyamira,
Jumapili, 9 Februari 2025

Dada yangu Celestine,

Bwakire buya, salamu ya asubuhi, ingawa najua barua hii utaisoma jioni, baada ya moja ya zile sala zenu ambazo mpaka leo sijayajua majina yake. Sisi huku tunapumua. Mvua bado, lakini majani chai hayajakoma, na kwenye kituo cha chai naendelea kupima mizigo ya watu na kugombana nao juu ya mizani. Mke wangu Persis anakusalimu. Binti yetu Emily yuko gredi ya tisa na amejiteua kuwa mwalimu wa nyumba nzima. Juzi alimsahihisha padri.

Mama yuko vizuri. Sukari inapanda na kushuka kama desturi yake. Kiatu cha mpira kilimchubua chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto, pakawa na kidonda kidogo. Persis humsafisha kila mchana na kumfunga kitambaa kisafi. Anakula, anasema, anawachamba majirani. Ndiye yuleyule.

Sasa jambo lenyewe. Unaikumbuka Chai Rangers, timu ya vijana wanaochuma chai kuanzia kwetu hadi kule mtoni? Kocha wao alipata kazi Eldoret akaondoka katikati ya msimu. Wakati huo timu ilikuwa imeshinda mechi moja tu na kukaa mkiani mwa ligi. Mwenyekiti, Mzee Nehemiah, alikuja hapa na fimbo yake, akanywa chai vikombe viwili, kisha akasema, "Ochoki, wewe ulicheza. Tushikie hawa watoto hadi msimu uishe, wasishuke daraja."

Nilitaka kukataa. Mama akasema kutoka chumbani kwake, "Atakubali. Tangu aache mpira amekuwa mtu wa kununa."

Basi mimi ni kocha. Tuombee, kama mpira unaruhusiwa kuombewa.

Ndugu yako,
Ochoki


Monasterini, Nyahururu,
24 Februari 2025

Ochoki mdogo wangu,

Barua yako nimeisomea jikoni, si baada ya sala, na nimecheka hadi Mama Mkuu akaniuliza kuna nini. Nikamwambia mdogo wangu amekuwa kocha. Akasema basi tuiombee timu, kwa sababu hata waliopotea huombewa.

Huku ni baridi. Kabichi zetu zimefanya vizuri, na mimi bado niko na masista wazee kule kwenye vyumba vya wagonjwa. Mmoja wao, Sista Anselma, ana ugonjwa uleule wa Mama, kwa hiyo nisikilize. Kidonda cha mguu kwa mtu wa sukari hakiitwi kidogo. Kitazamwe kila siku na macho ya mtu mwingine, si yake. Mguu wake hausikii tena mwiba wala moto. Maji ya kumwosha yapimwe na mkono wa Persis au wako, yeye atakuambia ni ya uvuguvugu hata yakiwa yanachemka. Na kisipofunga upesi, mpelekeni hospitali Kisii.

Jambo jingine. Jumatano ya wiki ijayo tunaanza Kwaresima, na sisi huku wakati huo hatuandiki barua wala hatusomi. Zikija, Mama Mkuu huzitia kwenye sanduku hadi Pasaka. Wewe andika tu. Ila kama kuna jambo zito, namba ya simu ya nyumba yetu ya watawa unayo. Piga. Nitaitwa.

Mwambie Mama ninamuona kila ninapomfunga Sista Anselma bandeji.

Dada yako,
Celestine


Nyamira,
Jumapili, 16 Machi 2025

Dada Celestine,

Najua barua hii inaingia sandukuni. Inanifaa kukuandikia hata hivyo, kama mtu anayeongea na mlango uliofungwa huku akijua kuna mwenye nyumba ndani.

Tumeshinda, mabao mawili kwa bila! Tena mechi iliyotangulia tulitoka sare.

Nikuambie ilivyokuwa. Nilipoichukua timu, kila mtu aliniambia vijana hawana mapafu. Kipindi cha kwanza wanacheza kama watu, cha pili wanasimama kama vigingi. Kocha aliyepita alikuwa akiwakimbiza mlimani. Mimi nikamuuliza nahodha wetu, Omwenga, Jumamosi moja kabla ya mechi, "Leo umekula nini?" Akaangalia chini. Alikuwa shambani tangu alfajiri, kikapu mgongoni, na chai ya rangi tumboni. Wengine wote vilevile. Si mapafu, dada. Ni njaa.

Basi Persis na kina mama wawili wa jumuiya wakaanza kuwapikia obokima, ugali wetu, na maharagwe, Jumanne na Alhamisi kabla ya mazoezi, na Jumamosi kabla ya mechi. Ukiona wanavyokimbia sasa! Halafu Omwenga nimemrudisha nyuma awe beki wa kati, kwa sababu ana sauti. Na mbele nimemweka Mathew Onchiri, kijana mwembamba ambaye hakuna aliyemtaka.

Persis alisita, kwa sababu mchana ndipo humsafisha Mama kidonda. Mama mwenyewe akamwambia, "Nenda, kawalishe. Kwani mimi nitakimbilia wapi?" Siku hizo anajisafisha kidonda mwenyewe. Anajua kufanya hivyo.

Anakusalimu.

Ochoki


Nyamira,
Jumapili, 6 Aprili 2025

Dada,

Mvua imeshika kweli. Majani chai yanaota ukiyaangalia. Nyumbani tuko.

Jana tulikuwa Keumbu, dhidi ya wenyeji, timu iliyotufunga manne mwezi wa kumi. Sokoni pale watu waliacha ndizi zao wakaja kutucheka. Uwanja ulikuwa tope hadi kwenye vifundo vya miguu. Walitangulia kufunga kwa mpira wa adhabu. Wakati wa mapumziko Mzee Nehemiah aliniambia, "Wape maneno makali." Sikuwapa. Niliwaambia mpira usiguse chini upande wa kushoto, ambako maji yalikuwa yamesimama, na Mathew aache kusubiri katikati, akae karibu na beki wao aliyekuwa akichechemea. Baada ya hapo tulicheza sisi tu. Mathew alisawazisha kwa kichwa. Zikiwa zimebaki dakika chache, Omwenga akapanda kutoka nyuma kwenda kwenye kona, kelele zake zikimtangulia, na mpira ukamgonga goti ukaingia. Goti, Celestine! Tuliimba njia nzima. Hatujapoteza mechi tano sasa, na tumewaacha wawili chini yetu. Watu wananiita Kocha hata kanisani.

Siku hiyo tuliporudi nyumbani tulikuta Mama

Hayo tutayazungumza. Taa inayumba na lazima niamke mapema.

Pasaka njema, ikifika.

Ochoki


Monasterini, Nyahururu,
Jumanne, 22 Aprili 2025

Ochoki,

Kristo amefufuka. Jana nilipewa barua zako zote mbili kwa pamoja, nami nikazisoma moja baada ya nyingine, kisha nikaiendea ile ya Februari nikaisoma tena.

Hongera kwa timu. Ninasema kwa moyo. Niliwasimulia wenzangu habari ya goti la Omwenga, na Sista Anselma akaomba nirudie.

Lakini ukisoma barua zako kwa mfuatano kama nilivyosoma mimi, timu inapanda na Mama anapungua. Februari anakula, anasema, anachamba majirani. Machi anajisafisha kidonda mwenyewe, baada ya mimi kukuambia kitazamwe na macho ya mtu mwingine. Aprili amebaki nusu ya sentensi. "Tulikuta Mama." Mlimkuta vipi, Ochoki? Amelala? Analia? Mlimkuta wapi?

Hukuikata ile sentensi kwa sababu ya taa. Nakujua tangu ulipokuwa ukificha kikombe kilichovunjika nyuma ya mtungi kisha ukaja kunisifia nywele.

Niambie. Simu ya nyumba iko palepale ilipo.

Celestine


Nyamira,
Jumapili, 4 Mei 2025

Dada yangu,

Pokea salamu zetu, za Persis hasa, ambaye siku hizi hasemi nami sana.

Usiniandikie kwa ukali. Nakuambia.

Jumamosi ile ya Keumbu, Persis alikuwa anapika, Emily alikuwa kwenye kwaya, na mimi unajua nilikuwa wapi. Mama alijichemshia maji akatia mguu. Tulimkuta ameketi pale nje ya jikoni, mguu bado ndani ya beseni, anamenya ndizi. Akatuambia, "Maji yamepoa, hebu niongezeeni." Nilipoutoa mguu, ngozi ilibaki kwenye maji. Yeye alikuwa ananiuliza, "Mmeshinda?"

Muuguzi wa zahanati alimfunga na kumpa dawa. Alisema tumpeleke Kisii. Nilisema sawa. Lakini kulazwa kunataka mtu wa kukaa naye, na mtu huyo ni Persis, na bila Persis vijana hawali. Nilimweleza Mama, na haya ni maneno yake mwenyewe: "Msimu ukiisha. Usiwaangushe watoto wa watu. Na Celestine msimsumbue na sala zake." Kwa hiyo tumekubaliana. Mechi ya mwisho ni tarehe 17. Tukishinda tumebaki kwenye ligi. Jumapili asubuhi atakuwa kwenye gari kwenda Kisii, nimekwisha kuzungumza na mwenye teksi.

Kidonda kinafunga, nadhani. Vidole viwili vimebadilika rangi kidogo.

Jana tulishinda tena.

Ochoki


Monasterini, Nyahururu,
Jumanne, 13 Mei 2025

Ochoki,

Barua yako imefika leo mchana na sikumaliza chakula. Mtu wa sukari akibadilika rangi vidole, hangojwi. Mpeleke leo. Usingoje siku hata moja, usingoje mechi.

Niliomba simu nikakupigia. Simu yako uliiacha nyumbani, na aliyepokea ni Mama.

"Mama, mguu ukoje?"

"Mguu upi? Mimi mzima kabisa. Nyinyi mnakula vizuri huko? Mna blanketi?"

"Mama, nipe Persis."

"Amekwenda kupikia timu. Celestine, mdogo wako anatembea sasa kama alivyokuwa akitembea baba yenu. Ungemuona. Usimharibie."

Kisha akasema simu inaisha moto, akakata. Nikapiga tena, ikawa imezimwa.

Barua hii nampa dereva wa mboga anayeshuka Nakuru, aipe gari la Kisii. Ikikufikia uwanjani, uache uwanja.

C.


Hospitalini, Kisii,
Jumapili, 25 Mei 2025

Dada Celestine,

Sina habari za mvua wala za majani chai. Persis yuko hapa kando yangu. Emily yuko kwa jirani.

Barua yako ilinifikia Ijumaa tarehe 16. Niliisoma mbele ya kituo, majani ya watu yakiwa kwenye mizani. Niliikunja. Nilijiambia, imebaki kesho tu.

Jumamosi asubuhi Persis alifungua bandeji akaniita. Sitakuandikia harufu ile, wewe unawahudumia wagonjwa na unaijua. Vidole vilikuwa vyeusi. Persis alisimama katikati ya chumba akasema, "Leo."

Nikasema, "Mechi ni saa tisa. Saa kumi na moja nitakuwa hapa, twende wote."

"Ochoki, nimesema leo."

Mama akasema, "Mwache aende. Atarudi."

Persis alimtuma Emily barabarani kuita teksi. Akamvisha Mama sweta. Mimi nilimbeba nikamweka kwenye kiti cha nyuma, nikafunga mlango, nikabaki nimesimama barabarani. Dereva aliniangalia kupitia kioo akidhani nitaingia. Kisha wakashuka kilima bila mimi, nami nikashika njia ya uwanjani. Hakuna aliyenisukuma, dada. Niliweza kuingia kwenye gari lile. Nafasi ilikuwepo.

Tulishinda moja kwa bila. Mathew tena. Kwa kuwa Persis hakuwepo vijana walicheza na njaa, na walishinda hata hivyo. Unaelewa nilichokiona wakati huo? Kwamba hata siku ile hawakutuhitaji vile nilivyokuwa nikijiambia. Kipenga kilipolia walininyanyua juu. Mzee Nehemiah alikuwa analia. Mimi nikiwa juu ya mabega ya watu nilikuwa natafuta njia ya kushuka.

Nilifika Kisii giza likiingia. Jumatatu walimkata mguu chini ya goti. Daktari ni kijana mpole. Niliuliza kama wiki sita zingebadili kitu. Alitazama faili, kisha akasema, "Tuangalie mbele, Mzee." Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Mama alipozinduka neno lake la kwanza lilikuwa lilelile. "Mmeshinda?"

Nikasema ndiyo. Akatabasamu akalala tena. Nilitoka nje.

Watu wa Nyamira wanakuja kumjulia hali, na wakimaliza kumpa pole Mama wananigeukia mimi kunipa hongera, hapohapo kando ya kitanda. Mkono uleule.

Sikuombi uniambie nimesamehewa. Nimekuambia ilivyokuwa, basi.

Ochoki


Monasterini, Nyahururu,
Jumanne, 3 Juni 2025

Mdogo wangu,

Nimelia, kisha nimefua mashuka ya wagonjwa, kisha nimelia tena. Sasa naweza kuandika.

Sitakuambia si kosa lako. Ungejua ninadanganya, na barua zangu zingekuwa hazikufai tena. Ulifunga mlango wa gari lile ukiwa upande wa nje. Hilo ni lako.

Lakini nami nina la kwangu, na hukuliuliza. Ile Jumatatu ya Pasaka, niliposoma barua zako, nilikwenda kwa Mama Mkuu nikamwonyesha ile nusu ya sentensi. Hata hakufikiri. Alisema, "Nenda nyumbani, Sista. Una ruhusa." Nauli iliwekwa mezani. Na mimi nikasema tungoje jibu lako kwanza. Barua yako ya Mei ilipokuja, niliulizwa tena, nikasema nitapiga simu.

Niliogopa, Ochoki. Miaka yote hii sijakanyaga kwetu. Niliogopa nikimuona Mama nitamkuta mzee, na nikimkuta mzee sitarudi huku. Kwa hiyo nilikuamrisha wewe uache uwanja wako, nami sikuacha wangu. Nilikaa hapa nikiombea mguu ambao ningeweza kuupeleka hospitali kwa mikono yangu.

Sasa hatufanani, usifikiri nasema hivyo ili kukupunguzia. Nakuambia tu kwamba hukuwa peke yako barabarani pale.

Ninakuja. Jumamosi wiki hii nitashuka Kisii mjini. Mwambie Persis kwanza, kabla ya Mama. Na umshukuru mbele ya watu. Ninyi wanaume wa mpira na sisi watawa wa sala, sote tulikuwa na jambo kubwa la kufanya. Yeye peke yake ndiye aliyefanya lililohitajika.

Celestine


Nyamira,
Jumapili, 6 Julai 2025

Dada Celestine,

Natumaini ulifika salama, na kwamba masista wamepata zile ndizi kabla hazijaiva zote kwa mpigo. Sisi ni wazima, na safari hii neno hilo nimelipima kabla ya kuliandika. Jeraha la Mama limefunga. Sukari iko chini. Persis ameanza kunitania tena, kidogo, kama mtu anayeonja chumvi.

Tangu uondoke nyumba imekuwa na nafasi. Bado nakuona umepiga magoti kando ya kitanda, unalia kwenye blanketi la Mama, na mimi mlangoni, nalia vilevile, na yeye katikati akituangalia kwa zamu. "Nina mguu mmoja na watoto wawili wazee wanaolia," alisema. "Sasa hapa nani mgonjwa?" Persis alicheka hadi akaketi chini. Nadhani ndiyo siku nilipoanza kulala.

Kuna jambo lililotokea baada ya wewe kuondoka. Jumatano Mzee Nehemiah alikuja na kamati kuniomba niendelee na timu msimu ujao. Nilikuwa nimeshaandaa jibu. Nikasema hapana, nina Mama wa kumtunza. Wakainamisha vichwa, wakasema ni haki. Mimi nikajisikia mwepesi, dada, kwa mara ya kwanza tangu Mei. Nikafikiri, basi nimelipa.

Walipoondoka Mama aliniita.

"Umeacha timu kwa ajili yangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Kaa." Nikakaa. "Mimi nilikuambia ungoje. Nilikudanganya wewe, nikamdanganya dada yako kwenye simu. Nilitaka kukuona ukitembea vile. Mguu ni wangu na nilijua unaoza. Hilo nitaulizwa mimi, si wewe. Lako utaulizwa wewe. Lakini ukiacha wale watoto sasa, basi mguu wangu umekwenda bure kabisa. Usinitumie mimi kujiadhibu. Mimi si fimbo."

Nilitaka kumbishia.

"Na Persis asipike," akasema. "Wana mikono."

Basi nimerudi. Vijana wanapika wenyewe kwa zamu chini ya usimamizi wa Omwenga, na obokima yao ni mawe matupu, lakini wanaila. Mazoezi yanaisha jua likiwa bado juu. Nilipokanyaga uwanjani siku ya kwanza wakapiga makofi, na sikuweza kuinua uso. Ule wepesi wa Jumatano haujarudi. Nadhani hautarudi, na nimeacha kuutafuta. Niliwaambia waunde duara, tukaanza na pasi fupi.

Niliporudi Mama alikuwa ameketi nje, amefunikwa shali uliyomwachia. Nikaketi chini, upande wa mguu usiokuwepo, kwa sababu upande ule mwingine ulikuwa na kuku.

"Haya," akasema. "Nani alicheza vizuri?"

Nikamweleza. Alitaka yote, hata wa akiba.

Ochoki